Oksijeni ya Dada Kabula

Nikipita nyuma ya nyumba ya wageni, wanakoloweka mashuka meupe, ile harufu ya dawa ya kung'arishia nguo hunikwaruza koo, nami hurudi uani kwetu Itetemia, nina miaka kumi na moja, nimekasirika hadi machozi.

Dada yangu Kabula alikuwa na pumu. Vumbi la kiangazi likianza tu, kifua chake kilipiga miluzi, na mama alimkimbiza hospitali ya Kitete kwa bodaboda. Hospitalini walimvisha kinyago cha oksijeni, nikamwona anarudiwa na uhai. Basi mwalimu wa sayansi alipotuambia kuwa maji yana oksijeni, na kwamba umeme ukipita huitenga, sikusikia lingine siku hiyo. Maji tunayo, betri ya sola tunayo. Kitete ya nini?

Jumamosi mama alipokwenda shambani, nilipasua betri kuukuu za tochi, nikatoa vile vijiti vyeusi vya katikati, nikaviunga kwa nyaya na betri ya sola, kisha nikavitumbukiza katika bakuli la maji ya mvua. Kimya. Nikakaza nyaya. Nikabadilisha maji. Nikayatukana. Hata kiputo kimoja!

"Mdogo wangu, labda yamelala," Kabula alinitania toka mkekani, akihema kwa shida. Nikaangua kilio.

Ndipo nikakumbuka kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme. Nikamwaga chumvi kiganja kizima. Loo! Viputo vikafoka kwenye vijiti vyote viwili. Nikafunika bakuli kwa chupa ya plastiki niliyoikata kitako.

"Dada, njoo uvute! Haraka, kabla haijapotea!"

Alisogea, akakunja pua. "Mbona inanuka hivi?"

"Kwani dawa gani hainuki?"

Akanitazama usoni kwa muda, akainama, akavuta.

Kikohozi kile sitakisahau. Mama aliyekuwa anaingia na jembe begani alilitupa, akalipiga bakuli teke. "Unataka kumuua mwenzio?" Akambeba Kabula hadi barabarani kutafuta bodaboda. Walirudi jioni, dada akiwa mzima. Mama alinitazama, akasema tu, "Akili nyingi huondoa maarifa."

Miaka ikapita. Sekondari nikajifunza kuwa chumvi ndiyo iliyonitolea klorini, hewa ya sumu yenye harufu ile ile ya dawa ya mashuka. Kumbe magadi, ambayo mama aliyaweka rafu moja na chumvi, yangepitisha umeme bila kuitoa! Na hata hivyo, oksijeni ya bakuli zima isingetosha pumzi chache. Nikakasirika upya, peke yangu, darasani.

Juzijuzi nilimuuliza Kabula, sasa mama wa watoto wawili, kwa nini alivuta ilhali pua ilikwisha kumwonya.

"Ulikuwa umelia tangu asubuhi," akasema. "Nilitaka unyamaze."