Gunzi la Mahindi na Ngozi ya Mjukuu Wangu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, chekeni mkitaka, lakini msikie.

Mjukuu wangu Skola, wa miaka mitano, ana pumu ya ngozi. Viwiko vilimwasha hadi akajikuna na kutoka damu. Mimi nikasema ni uchafu. Kila jioni nilimsugua kwa gunzi la mahindi na sabuni ya mche, ndipo mama yake, Edita, ampake dawa ya hospitali. Vidonda vikazidi.

Juzi tulirudi kliniki hapa Ifakara. Mbele ya benchi zima la akina mama nikamwambia nesi, "Huyu mke wa mwanangu ni mvivu. Hapaki dawa sawasawa."

Nesi akamwinamia mtoto. "Nyumbani unaogaje, mama?"

"Bibi ananisugua na gunzi. Nikilia anasema uchafu ndio unaolia."

"Kumbe, bibi," nesi akasema taratibu, "mwenzako anatibu, wewe unachubua."

Edita alinibebea tu mkoba wangu, na hilo likaniaibisha kuliko kusemwa.

Tulipofika nyumbani nikaagiza: "Gunzi liende motoni. Skola ataogeshwa na mama yake. Mkiniona nasogelea karai, nifukuzeni."