Mama Ngoie alivyohesabu mapigo ya moyo wa mdogo wangu mara mbili

Wakuu, salaam kutoka Lubumbashi. Hii ni yangu mwenyewe, sikuisikia kwa mtu. Chumvi sijaongeza.

Miaka ile ya Zaïre baba alikuwa kazini kwenye shaba, tunakaa kambi ya wafanyakazi. Mimi nilikuwa nachukua vitenge Mokambo, mpakani na Zambia. Bale, robota la vitenge, likifika nahesabu mbele ya dereva, akiondoka nahesabu tena. Ndivyo nilivyo.

Mdogo wangu Zaina, miaka kumi na mitatu, alikuwa anacheza animation, zile ngoma za kusifu Chama. Asubuhi moja goti limevimba, lina moto. Mtaa mzima ukatoa hukumu: ngoma hiyo.

Nikamkanda maji ya moto. Siku ya tatu goti likapona, nikajisifu.

Siku ya nne, kiwiko.

Sasa huyu anacheza kwa kiwiko?

Nikampeleka dispensaire, zahanati ya kambi. Muuguzi alikuwa Mama Ngoie, mfupi, hana haraka na mtu. Kiwiko hakukigusa kwanza; akaniita citoyen, mwananchi, tulivyoitana wote enzi zile.

"Citoyen, huyu mutoto alikuwa na maumivu ya koo siku za nyuma?"

"Wiki tatu zimepita, mama. Nilimupa maji ya chumvi, ikaisha."

"Iliisha kwa koo. Kwenye ilienda, weye unajua?"

 

Akashika mkono wa Zaina, macho kwenye saa, akahesabu mapigo. Mia na kumi na nane kwa dakika.

"Anaogopa sindano," nikasema.

"Njo maana nitahesabu tena. Muache alale."

Mchana ule tukakaa pale mpaka Zaina akasinzia kwenye benchi. Mama Ngoie akahesabu upya bila kumwamsha. Mia na kumi na sita.

"Mutu akilala, woga nayo inalala. Huu moyo haulale."

Akatuandikia barua ya hospitali kubwa siku ileile. Kule daktari akasikiliza kifua, wakapima damu, jibu likawa lile Mama Ngoie aliloandika kwenye barua: rhumatisme inayoshika moyo. Yaani ugonjwa wa koo ulishapita, ila mwili uliendelea kupigana na kujipiga wenyewe, viungo kwanza, halafu moyo. Tungechelewa, moyo ungeharibika.

Dawa: kulala kitandani, aspirini, na sindano ya penisilini kila mwezi mpaka awe mtu mzima.

Tuliporudi kwa Mama Ngoie kuchomwa sindano, nikaanza kazi yangu.

"Mama, tufanye mwaka moja."

"Hapana."

"Miwili, na kitenge juu."

"Kitenge leta. Sindano haipunguke hata moja."

Wakuu, nimebishana bei mpakani na watu wagumu. Sijawahi kushindwa vile, wala kumheshimu aliyenishinda vile. Alikuwa na saa ya mkono na subira, basi.

Nilichojifunza: mtoto akivimba kiungo, kikapona, kikavimba kingine, msiishie kuuliza alianguka wapi. Ulizeni koo lake wiki zilizopita, na mumpeleke haraka. Mwenye muuguzi wake wa aina hii amtaje hapa, tumpe heshima yake.

Zaina leo ana wajukuu wanne. Nimewahesabu mara mbili.