Doa la Oili Lililokuwa Kubwa Kuliko Letu

Oili ikidondokea chuma cha moto inatoa harufu yake yenyewe, na ukishaijua huwezi kuichanganya na nyingine. Kwanza inachoma pua, halafu inakuwa tamu kidogo, kama karanga zilizoungua. Niliisikia mwaka huu, tulipomzika mama. Watu walikuwa wameanza kutawanyika, maturubai yanakunjwa, na kijana mmoja wa bodaboda akawasha pikipiki yake inayovuja karibu na mkeka niliokalia. Wenzangu walikohoa na kumfukuza. Mimi nilibaki nikiivuta ile harufu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze nikalia kwa sauti. Walidhani nimemkumbuka mama. Ni kweli nilimkumbuka, lakini nilimkumbuka akiwa ameinama njia panda asubuhi na mapema, ndoo tupu mkononi, akiangalia vumbi.

Tuliishi pembeni mwa mji wa Bariadi, enzi ambazo Bariadi yenyewe ilikuwa bado haijajijua kama ni mji. Baba alikuwa na pikapu ya petroli, ya kijivu, kuukuu kuliko yeye mwenyewe. Aliinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, na mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba. Msimu wa pamba alibeba magunia kutoka Lalago, na siku nyingine alikwenda mpaka Lingeka kule Meatu. Msimu ukiisha alibeba chochote: mchele, watu wa mnadani na mbuzi wao, na mara moja alimbeba bwana harusi aliyefika kanisani ana manyoya ya kuku mgongoni.

Gari lile lilivuja. Oili ilitoka nyuma ya injini, pale ambapo krenkishafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inachomoza kwenda kukutana na giaboksi, ikadondoka njia nzima. Kiangazi kila tone lilijiviringisha na vumbi likawa kidonge cheusi. Magari yalikuwa machache, na lililovuja namna ile lilikuwa moja tu. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye macho angeweza kujua baba amepita wapi, na mama alikuwa na macho.

Baba alikuwa akirudi baada ya siku kadhaa na kusema alilala Lalago, mizigo ilichelewa. Lakini matone pale njia panda yalisema mengine. Yalisema alifika Bariadi tangu jana, akaipita njia ya kwetu bila kupunguza mwendo, akanyoosha upande wa barabara ya Lamadi. Mama aliyajua matone mabichi na yaliyokauka kama alivyojua maziwa ya leo na ya juzi. Kila asubuhi alishika ndoo, akajifanya anaenda kisimani, akapita njia panda kwanza. Sisi watoto tulimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na salamu yetu ikamkosa njiani. Aliitikia akirudi, na namna alivyoitikia ndiyo iliyotuambia siku itakuwaje.

Upande ule wa barabara ya Lamadi ndiko alikokaa Mama Pendo. Alikuwa mwanamke mwembamba, anauza mchele, anacheka kwa sauti ya chini. Sitamsema vibaya, kwa sababu hakuwahi kunitendea vibaya. Alikuwa nyumba ndogo ya baba, mji mzima ulijua, na sisi tulipita mbele ya nyumba yake kila Jumapili tukienda kanisani kwa sababu njia nyingine haikuwepo.

Jumapili moja ndipo nililiona doa vizuri. Nyumbani kwetu gari lilipaki kando ya minyaa, na hapo palikuwa na doa la oili la ukubwa wa sinia. La Mama Pendo lilikuwa kubwa kama mkeka. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na kuku walipolikanyaga waliacha nyayo nyeusi mpaka mlangoni. Pendo, ambaye tulikuwa darasa moja, alikuwa akiliruka huku na huku amevaa gauni la Jumapili, anaruka bila hata kuangalia chini, kama mtu anayecheza katika kiwanja cha kwao.

Wengine wameonea wivu viatu, au ng'ombe, au mume wa mtu. Mimi nililionea wivu doa la oili. Nilisimama pale barabarani nikilipima kwa macho. Ukubwa ule haukuja kwa usiku mmoja wala miwili. Lilikuwa doa la gari linalopumzika, gari lililofika nyumbani. Letu lilikuwa doa la mgeni.

Jirani yetu, Mama Kulwa, alikuwa anatembea nasi. Akamwambia mama, kwa sauti ya kutosha barabara nzima, "Mama Minza, hili gari lenu linakojoa kwa watu."

Mama hakugeuka. "Mbuzi wako anakojoa kwangu kila siku," alisema. "Mbona sijasimama barabarani kutangaza?"

Mama Kulwa akaongeza mwendo mpaka kanisani. Mimi nilifurahi, lakini niliona jinsi mama alivyolishika lile doa kwa jicho la pembeni mpaka tulipolipita.

Mwisho wa kiangazi kile klachi ilianza kuteleza. Oili ilikuwa inaifikia, na kwenye mlima mdogo tu abiria walishuka wakasukuma huku wanamtukana baba kwa heshima. Fundi Masunga akaja. Alikuwa mnene, mcheshi, na aliongea na injini kuliko na watu. Alitoa giaboksi, akatoa klachi na lile gurudumu zito la nyuma ya injini, akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na akavuta kwa ndoano ya waya kitu kilichofanana na mkia wa panya aliyekufa. Akatuonyesha.

"Hii ndiyo sili yako ya kuzuia oili, ngosha," alimwambia baba. "Injini za siku hizi zina mpira. Hii ni ya kizamani, sili yake ni kamba. Inazungushiwa krenkishafti kama kitambaa shingoni, nusu juu, nusu chini. Mwanza niliulizia wakanicheka. Lakini wewe unabeba pamba. Nisokotewe kamba ya pamba iliyokaza, unene wa kidole cha mwisho. Tutailoweka kwenye mafuta ya ng'ombe na unga wa penseli. Itashika."

Unga wa penseli ulitoka kwenye penseli yangu, nayo ilikuwa mpya. Kamba ilikuwa kazi ya mama, maana hakuna mtu pale mtaani aliyemshinda kusokota. Kamba za ndama wetu zote zilitoka kwenye mkono wake. Baba alimwomba huku anaangalia mahali pengine.

Fundi Masunga, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akaongezea, "Shemeji, ukiisokota vizuri gari hili halitaacha hata tone. Litapita kama paka."

Baba akaanza kufuta spana ambayo ilikuwa safi. Fundi akagundua alichosema, akaingiza kichwa chini ya gari na kukaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Mama alisema, "Nileteeni pamba."

Alikaa kivulini mwa nyumba, amenyoosha miguu, gunia limeanguka ubavuni. Alichambua pamba kutoka kwenye mbegu kwa vidole, akaivuta nyembamba, akaisokota juu ya paja. Mimi nilishika ncha ya kamba ili isifunguke. Nilikuwa na miaka kumi hivi na nilielewa kila kitu, au nilidhani hivyo. Kamba ile ikikaza, matone yataisha. Matone yakiisha, baba atakwenda kwa Mama Pendo na kurudi, na mama hatakuwa na kitu cha kumwonyesha, wala cha kujionyesha mwenyewe. Nikasogea karibu nikamnong'oneza.

"Mayu, isokote legelege."

Hakuacha kusokota. "Halafu likwame porini Meatu, baba yako alale na fisi?"

"Alale nao."

Alicheka. Sikutegemea acheke. Alicheka mpaka kamba ikamtoka pajani, akaiokota, akafuta machozi kwa kiwiko. "Kaza mkono, ng'wanone," alisema. "Ukilegea wewe na mimi nalegea."

Nikakaza. Niliichukia ile kamba nikiwa nimeishika. Ilitoka nzuri, nyeupe, imebana kama msuko wa Krismasi, na mama aliivuta kwa meno kuijaribu kabla ya kuitumbukiza kwenye mafuta. Ilipotoka ilikuwa ya kijivu na inanuka kama siku ya kuchinja.

Fundi aliizungusha nusu ya juu kwa kuivuta na waya, ya chini akaigandamiza kwenye mfereji wake kwa kuibingirishia chupa ya soda. Ncha alizikata akaziacha zitokeze unene wa kucha tu, ili zikibanwa zikutane. Baba akajaribu kuzungusha injini kwa mikono, ikagoma. Wakafungua, wakapunguza, wakafunga tena. Ikazunguka kwa uzito, kama mtu mzima anayegeuka kitandani. Gari lilipowaka, baba alitandika mfuko wa saruji chini yake na kesho yake mfuko ulikuwa mkavu. Alizunguka ua mzima ameubeba. "Mama Minza, mkono wako huo!" alisema. Nilitamani kuuchana ule mfuko.

Kuanzia hapo njia panda ikanyamaza. Nilidhani wivu wangu utapungua, kumbe ndio ulikuwa unazaliwa. Zamani nilijua alikolala, na kilichojulikana nilikichukia kikiwa mahali pake. Sasa alisema Lalago na ningeweza kuamini Lalago, au kwa Mama Pendo, au kwa mwanamke mwingine tusiyemjua kabisa. Doa la Mama Pendo lilianza kufifia, vumbi likalifunika, na hata hilo sikuliamini. Mama aliacha kwenda njia panda. Kwa hiyo nilikwenda mimi.

Niliamka kabla ya wengine, nikatembea nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Nilinusa vijiwe. Niliokota kinyesi cha mbuzi nikidhani ni tone. Asubuhi moja nilikuwa nimepiga magoti kabisa katikati ya barabara nikasikia kandambili nyuma yangu. Alikuwa mama, hana ndoo, ana kitenge tu mabegani.

"Unatafuta nini?"

Aliniinua kwa mkono, akanipangusa magoti, moja halafu jingine, polepole.

"Nimeisokota vile ili tulale," alisema. "Sasa wewe unaamka ya nini?"

Nilidhani ananigombeza kwa kuamka mapema. Tulirudi nyumbani, akaniwekea uji, akakaa akaniangalia ninavyokunywa, na sikuona kwamba ni jambo geni. Alikuwa ameacha kuniangalia hivyo kwa muda mrefu, na ameanza tena, na mimi nilikuwa nimeshughulika na barabara.

Baba hakumwacha Mama Pendo. Alipofariki, wanawake wote wawili walikaa mkeka mmoja. Na mwaka huu Pendo alikuja kwenye msiba wa mama, akakunja mikono ya gauni akaosha masufuria siku zote za msiba, na mimi, katika huzuni yangu yote, nilimwangalia nikajiuliza kama baba alikuwa akimbeba pale mbele, kwenye kiti cha mlango wenye kamba. Nasema ukweli. Wivu wangu haujaisha.

Kwa miaka mingi niliamini mama alishindwa siku ile, kwamba alimsaidia mume wake kujificha. Nimeolewa sasa mwaka wa kumi na tano, na mume wangu hana gari, ana simu. Nimeisoma simu ile bafuni, jikoni, na hata yeye akiwa amesinzia kitini. Nimepata majina, nimekosa majina, na sijawahi kuirudisha mezani nikiwa na nguvu kuliko nilipoichukua. Watoto wangu wamenisalimia mara ngapi nikiwa nimeinama hivyo, sijui. Mama alijua. Alikuwa na kitu pekee kilichomwambia ukweli kuhusu mume wake, na akakisokotea kizuizi kwa mkono wake mwenyewe, akakaza, akijua anachofanya. Baba ndiye aliyeshangilia, lakini ile kamba haikuwa ya baba.

Tuliporudi kutoka msibani, mume wangu aliiacha simu yake kwenye kochi akaenda kuoga. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule, ananitazama. Nikamwambia aje nimsuke.