Waya Alizounga Kaka

Mimi nina hasira za karibu, na gari linalozimazima ovyo hunichefua kuliko mtu anayenitukana. Hili lilitoka Nkololo, gari dogo la zamani la mzee mmoja mkulima wa pamba. Lilikuwa linazima njiani, likipoa linawaka. Mara ya mwisho lilizima porini, mkewe mwenye presha akiwa ndani, wanamwahisha hospitali. Mzee alipofika gereji kwangu Somanda, hapa Bariadi, hata salamu yangu ya mwangaluka hakuiitikia vizuri. Alifungua boneti akanionyesha fungu la waya lililozungushiwa tepu nyeusi. "Fundi, hapa usipaguse. Hapa alitengeneza marehemu kaka yako. Yule hakosei."

Sikubisha. Kaka, aliyefariki mwaka jana, ndiye aliyenifundisha umeme wa magari, na huku kwetu kazi ya mkono wa marehemu haichokonolewi ovyo. Nikaizunguka. Mashine ya kupimia ilisema tatizo ni sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini; nikafunga mpya, gari likazima tena. Nikasafisha ethi, waya wa betri unaofungwa kwenye bodi, nikabadilisha fyuzi, nikaitukana betri isiyo na kosa. Na kila nikiinama pale, haki ya Mungu, namsikia kaka akipiga mluzi nyuma ya mgongo wangu, ule mluzi wa kusubiri niione mwenyewe. Nageuka, hakuna mtu, na ni mchana kweupe.

Mwisho nikasema liwalo na liwe, nikaichana ile tepu.

Waya za sensa zinazokwenda kontrol boksi, ubongo wa injini, zilikuwa zimesokotwa tu kilegevu, hazikuchomewa risasi, ile madini ya kuyeyushwa inayozishikamanisha. Gari likipata moto na kutikisika, zinaachiana na injini inakata. Kaka! Kaka huyu huyu aliyenizaba vibao kwa kuunga bila risasi! Nikamuuliza mzee kazi hii ilifanyika lini. Akasema mwaka juzi, msimu wa palizi. Wakati huo nyumbani hakuna aliyejua kuwa kaka anaumwa. Alituambia mikono inamfa ganzi kwa sababu ya baridi. Baridi gani, Bariadi hii? Vidole vilikuwa vimeshamkataa, naye akawa anafunga tepu juu ili mtu asione. Nililia nimeinamia injini, nikajifanya petroli imeniingia machoni.

Nikaunga upya, nikachoma risasi, gari likaenda Lamadi na kurudi bila kukohoa. Mzee akauliza, "Kumbe lilikuwa nini?"

"Panya, mzee. Walikula waya."

Akacheka kwa furaha. "Nilijua tu! Mkono wa marehemu ule!"

Lakini msimu ule kaka hakutengeneza gari lile tu. Mengine yako barabarani, yamebeba wagonjwa na watoto wa watu, na siwezi kutangaza bila kumvua nguo ndugu yangu kaburini. Kwa hiyo nikiona gari alilowahi kulitengeneza nalisimamisha, naomba nifungue boneti, bure, nasema natafuta panya. Wanasema nimechanganyikiwa. Waseme. Juzi pale stendi nimefungua jingine: tepu nyeusi, waya hazina risasi, na kwenye kiti cha nyuma kuna mama mjamzito ameshika tumbo, ananiuliza, "Fundi, si tutafika?"