Mafungu ya Faadumo

Ukitaka kumjua Faadumo Kullow wa Majengo, usianzie dukani kwake. Dukani utakuta mapazia na mablanketi tu, na mwenyewe amekaa nyuma ya meza akijifanya hasikii unapoomba kupunguziwa bei. Nenda siku ambayo watu wamechangia ng'ombe. Kwetu Meru, watu wakinunua mnyama kwa kushirikiana, nyama hukatwa ikapangwa mafungu juu ya majani ya mgomba, kila mmoja akabeba lake. Ugomvi haukosi. Huyu ameona mifupa, yule ameona fungu la jirani lina ini. Lakini akikata Faadumo, hakuna anayefungua mdomo. Hata sisi wa kanisani humpigia simu Desemba aje atugawie.

Alifundishwa na baba yake, mzee Kullow, aliyekuwa na bucha nyuma ya msikiti. Mzee alizaa mabinti watupu, kwa hiyo kisu kilimwendea wa kwanza. Sheria ya bucha ile ilikuwa moja: aliyekata huchukua la mwisho. Wengine wachague kwanza, naye abaki na lile waliloliacha. Ukijua hivyo, mkono wako hauwezi kupendelea, maana fungu bovu ukilitengeneza utalibeba wewe. Faadumo ana miaka hamsini na minane sasa, na nimemwona akivunja mafunzo hayo mara moja tu. Hiyo ndiyo safari ninayotaka kuisimulia.

Mimi naitwa Nkirote. Nauza viatu karibu na soko la Gakoromone, na nakiri mapema kwamba hasira zangu ziko karibu. Mwenzetu wa tatu ni Wanja wa Runyenjes, mdogo wetu kwa miaka ishirini, muuza sufuria na chupa za chai, mpole wa sura lakini kwenye bei hamwamini hata mama yake. Mara mbili kwa mwaka tunapanda ndege pamoja kwenda Guangzhou kununua mali. Tunaenda Februari, kisha mwezi wa nane, ili bidhaa ziwe zimefika wakulima wa chai wakipata bonasi. Tunaenda watatu kwa sababu viwanda vya kule havimuuzii mtu kidogo kidogo, na hakuna kati yetu anayeweza kufikisha kiwango peke yake. Mzigo mkubwa huja kwa meli. Tunaorudi nao kwenye ndege ni ule usioweza kungoja.

Safari hizo ndizo zilizomletea Faadumo kadi ya dhahabu ya shirika la ndege. Alianza kusafiri kabla yetu, na kila tikiti ilimwongezea pointi. Mimi waliponiletea fomu ya kujiandikisha miaka ile nilidhani ni mkopo, nikaikataa kwa madaha. Leo najilaumu. Kadi ile inampa mwenyewe kilo ishirini za mizigo za ziada, na pointi zake zinatosha kumhamisha mtu mmoja wa kundi, yeye au mwingine, kutoka viti vya nyuma hadi mbele, kwenye viti vinavyokunjuka vikawa kitanda. Anayehamishwa huongezewa kilo kumi tena. Kwa hiyo kila tunaporudi tuna kiti kimoja cha mbele na kilo thelathini za bure, nasi tuko watatu.

Mtu mwingine angesema kadi ni yangu, tutaonana Nairobi. Angekuwa na haki, sibishi. Lakini siku ya kwanza kabisa Faadumo alitukalisha juu ya kitanda cha hoteli, mabegi yakiwa wazi sakafuni, akasema, "Hii kadi mimi sikuzaliwa nayo. Bila nyinyi hakuna kiwanda ingeniuzia, na bila kiwanda ningekuja huku kufanya nini? Hii ni ng'ombe tumechangia."

Kisha akakata. Fungu la kwanza, kiti pamoja na kilo nne. La pili, kilo kumi na tatu. La tatu, kilo kumi na tatu. Mimi na Wanja tulitafuta pa kulalamikia tukakosa. Anayetaka kulala alale, anayetaka kubeba abebe, na wote wawili wametendewa haki. Tukachagua, naye akachukua lililobaki.

Ilikwenda hivyo safari saba. Wanja alilala mbele mara tatu, mimi mara tatu. Mara moja mimi na Wanja sote tulikuwa na mizigo mingi tukakimbilia kilo, kiti kikamwangukia Faadumo, akalala mpaka akaamshwa kufunga mkanda. Hakumshukuru mtu, kwa sababu hakuna aliyempa. Hivyo ndivyo anavyopenda mambo yake. Mumewe alipofariki tulimchangia, akapokea kwa heshima, na ndani ya mwaka mmoja kila aliyechanga alikuwa amerudishiwa kwa njia yake, huyu blanketi, yule pazia la sebule. Kuomba hajui. Nimemfahamu miaka kumi na tisa, na sijamsikia akiomba hata chumvi.

Sasa, Februari hii iliyopita niliona vitu nisivyovielewa. Sokoni Guangzhou Faadumo ni mtu wa kutembea. Anaingia kila kibanda, anashika kila kitambaa, anakinusa, anakivuta, anakirudisha. Safari hii alikuwa akifika kibanda cha kwanza anavuta kigoda, anakaa, na kumtaka mwenye duka amletee mali hapo alipo. Nilidhani ni mbinu mpya ya kushusha bei, hata nikaiiga mara mbili. Kwenye ngazi alishika chuma. Tukivuka barabara alisema tutangulie, yeye anajibu simu, na simu ilikuwa mkobani.

Wanja, ambaye humwita Faadumo kwa jina la mwanawe, ndiye aliyeniambia jioni moja tukinywa chai, "Mama Abdi anaumwa na mguu. Jana nimeona goti yake, imefura kama kiazi kikuu."

"Mbona hasemi?"

"Amwambie nani? Wewe?"

Nilijua jibu: akimwambia yeyote, habari zitafika nyumbani. Mwanawe Abdirahim ni kijana mwenye adabu na mipango. Mwaka mzima amekuwa akimwambia mama apumzike, duka amwachie yeye, mali iagizwe kwa simu. Faadumo humjibu kwamba simu haiwezi kushika kitambaa. Lakini Abdirahim akipata sababu moja tu ya kumkalisha nyumbani, ataitumia, tena ataitumia kwa upendo, na upendo wa mtoto ni mgumu kuukataa. Mguu ule ukijulikana, Faadumo aliona amekwisha kusafiri. Atakaa barazani Majengo akisubiri kusomewa bei na mtu mwingine, naye si mwanamke wa kubaki barazani.

Siku ya kufunga mizigo tulikaa chumbani kwake baada ya kifungua kinywa, mizani ya mkono ikining'inia mlangoni. Faadumo alikaa kitandani mguu ukiwa juu ya begi la mitandio ya Idi, kana kwamba ameuweka pale ili begi lisifunguke. Akakata.

"Fungu ya kwanza, kiti. Mwenye kiti hapati kilo hata moja, na tena atatoa kilo kumi kwa tikiti yake awagawie wenzake. Fungu ya pili, kilo ishirini. Ya tatu, kilo ishirini. Nkirote, ni zamu yako kuanza."

Nikamtazama. Wanja naye akamtazama, kisha akaangalia mizani kwa bidii sana.

"Na kiti chenyewe," Faadumo akaongeza, macho yakiwa ukutani, "wameharibu siku hizi. Baridi tupu huko mbele."

Miaka kumi na tisa, na hilo ndilo fungu la kwanza lililopinda kutoka mkononi mwake. Nani angechagua kiti chenye deni la kilo kumi, huku akipewa kilo ishirini za bure? Alikuwa amekata ili kiti kibaki. Hakuwa ameiba, maana hasara yote alijibebesha mwenyewe. Lakini alikuwa amepindisha kisu cha mzee Kullow ili asiseme maneno mawili tu. Moyo uliniuma kwa namna ambayo sikuitarajia. Ningemkuta ananidanganya bei ningecheka.

Wanja alinikanyaga kidole. Nilielewa: chukua kilo ishirini, nami nichukue ishirini, kiti kitamwangukia, na hakuna atakayeaibika. Huo ndio uungwana wa Runyenjes, na ni mzuri. Lakini niliona mbele. Mwezi wa nane atakata tena hivyo, na mwaka ujao tena, kila mara akitulipa kilo zake ili tusione kile tunachokiona. Tutakuwa tunambeba huku tumefumba macho, naye atakuwa anajua. Siku moja atachoka kujificha na atakaa nyumbani mwenyewe, bila hata Abdirahim kumwambia. Hasira zikanipanda, nikasema, "Nachukua kiti."

Wanja akavuta pumzi. Faadumo hakugeuza uso.

"Umesikia vizuri? Utatoa kilo kumi."

"Nimesikia. Viatu vyangu vingi vinakuja na meli. Nataka kulala."

"Haya," akasema. "Ni haki yako."

Wanja akachukua kilo ishirini kwa sauti ndogo. Faadumo akabaki na ishirini nyingine, akainuka kwenda kuzipima. Akashika begi la mitandio, akaliinua hadi magotini, akaliweka chini. Akalishika tena. Safari hii hakulifikisha popote, akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, mguu umenyooka mbele yake. Nikataka kulia, lakini sikumkimbilia. Wanja aliinuka nikamshika gauni.

"Faadumo," nikasema, "kama unataka hiyo kiti, omba."

"Mimi siombi watu vitu."

"Najua. Ndio maana nimekichukua."

Akaniangalia, na macho yale sitayasahau upesi. "Nkirote, wewe ni mtu mbaya."

"Mbaya nitakubali. Lakini tumekula ng'ombe yako miaka yote hii, wewe ukichukua la mwisho. Sisi unatuona ni watu wa kupewa tu? Mficha uchi hazai, Faadumo."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akishusha maboksi kwenye lori, tukayasikia yakidondoka moja baada ya jingine. Wanja alikuwa analia waziwazi bila kujisumbua kufuta. Mimi nilianza kufikiri nimeharibu urafiki wa miaka kumi na tisa kwa sababu ya mdomo wangu, na kwamba nikifika Meru sitakuwa na mtu wa kugombana naye.

Kisha Faadumo akasema, polepole, kama anayetamka lugha ya kigeni, "Nipeni hiyo kiti. Mguu inaniuma. Imeanza Oktoba. Nikikaa nyuma masaa hiyo yote, sijui kama nitashuka kwa ndege nikitembea."

"Chukua," nikasema, kabla hajamaliza.

"Chukua, Mama Abdi," Wanja akasema.

"Na kilo kumi nitawapa, kama nilivyosema."

"Hutupi," nikamwambia. "Kata upya. Kata kama mtoto wa Kullow."

Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akakata pale pale sakafuni. Kiti na kilo nne. Kumi na tatu. Kumi na tatu. Sikuwa na la kulalamikia. Wanja alimfungia begi, mimi nikalibeba hadi chini, na njia nzima ya lifti Faadumo alinikosoa namna ninavyolishika. Nilifurahi kukosolewa.

Kwenye ndege nilienda kumchungulia mara moja. Mhudumu alinizuia kwenye pazia, lakini nilikuwa nimeshamwona. Alikuwa amelala chali, mguu juu ya mito miwili. Wa pili bila shaka aliuomba, kwa kuwa wengine wote walikuwa na mmoja mmoja.

Nairobi tulifika mchana. Abdirahim alikuwa anatusubiri na pikapu yake, shati limepigwa pasi. Alimwona mama yake akitoka na toroli na macho yake yakashuka moja kwa moja kwenye mguu. Nilimjua Faadumo, nikajiandaa kusikia kiatu kikisingiziwa, tena kiatu cha dukani kwangu.

"Mama, unachechemea."

"Nachechemea ndio," Faadumo akasema. "Goti inaniuma tangu Oktoba, nimekuficha. Kesho utanipeleka kwa daktari. Na mwezi wa nane utanileta hapa airport, kwa sababu naenda. Nikirudi nitakaa mbele. Nimeshaomba wenzangu."

Kijana alisimama na funguo mkononi. Mambo yote aliyokuwa ameyapanga kwa mwaka mzima niliyaona yakimtoka usoni moja moja. Akanigeukia mimi, kwa sababu kati yangu na Wanja mimi ndiye mkubwa.

"Anti Nkirote, Mama ameomba?"

"Ameomba," nikasema. "Na tumempa."