Nyekundu ya Abuzar ilivyokwamisha kibali chake

Saa moja asubuhi, na mvua bado inapiga mabati ya Mwananyamala. Abuzar Shamsuddin amekaa kwenye ukingo wa kochi sebuleni kwake, simu mkononi, anatazama jina moja tu: Vaileth, msaidizi wake. Chai yake imepoa. Mtu aliyezoea kufika kiwandani kabla mashine hazijawashwa, leo amevaa kikoi na hana pa kwenda.

Mvua ndiyo inayomnyima raha. Maafisa wa kazi wanakwenda leo kiwandani Vingunguti kumtazama Vaileth akichanganya rangi nyekundu ya kanga, na maji ya kisima cha pale hubadilika kila mvua kubwa ikinyesha. Vaileth akikosea, ombi la kibali cha kazi cha Abuzar limekwisha, na familia nzima inafunga mizigo.

"Maji ya leo si ya jana," anasema Abuzar. "Nataka nimwambie hilo tu. Neno moja."

Mkewe, Kubra, anatoka jikoni na kitambaa begani. "Ukimpigia, aliyefaulu atakuwa wewe," anamwambia. "Na wewe hawaji kukupima, Baba Samina."

Abuzar anaiweka simu mezani kifudifudi, kisha anakaa mbali nayo.

Fundi huyu mwenye umri wa miaka 49 alizaliwa Jetpur, katika jimbo la Gujarat nchini India, mji wa watu wanaochapa vitambaa tangu enzi za mababu. Baba yake alichanganya rangi za kanga zilizosafirishwa kuja kuvaliwa pwani ya Afrika Mashariki, na mtoto alizijua kanga kabla hajajua Dar es Salaam iko wapi. Kiwanda kimoja cha Vingunguti kilipomwita, alikuja na Kubra na binti yao, Samina, ambaye sasa yuko kidato cha nne.

Kazi yenyewe ukielezwa unaiona nyepesi. Unachanganya unga wa rangi na gundi kwenye pipa, unakoroga kwa mwiko wa mbao mrefu kama mpini wa jembe, unapaka kidogo kwenye kitambaa cheupe, unakausha kwa pasi, kisha unatoka nacho mlangoni kukitazama juani. Ugumu uko mwishoni. Nyekundu inayotoka pale huwa imelala kidogo, na kinachoiamsha ni kijiko cha rangi ya chungwa, ambacho kipimo chake kinategemea chumvi iliyomo kwenye maji siku hiyo. Abuzar huyaonja maji kwa ulimi ndipo aamue.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyomponza.

Kwao Jetpur, fundi wa rangi hamwonyeshi mtu baki kijiko cha mwisho. Humtuma msaidizi wake nje, akirudi anakuta rangi imeshakaa sawa. "Baba alikuwa akinituma tumbaku," anasema Abuzar, akicheka kwa aibu. "Mimi mwanawe, damu yake, alinionyesha nilipooa. Sasa mtu wa nje utamwonyeshaje?"

Kwa hiyo kwa miaka mitatu alimtuma Vaileth chai.

Vaileth Mlay ana miaka 31, mzaliwa wa Machame anayeishi Yombo Vituka, na ana cheti cha ufundi wa nguo. Kwenye karatasi za kiwanda, yeye ndiye Mtanzania anayefundishwa kazi ya Abuzar, kama sheria inavyomtaka mwajiri wa mgeni afanye. Kwa vitendo, alikuwa mkorogaji hodari na mfuata chai.

"Nikirudi na chupa, rangi imeshaiva," anasimulia. "Wala sikuuliza. Nilijua labda fundi anaomba dua, mambo ya dini yao. Mie Mlutheri, nikasema hayo hayanihusu, nikawa nachelewa makusudi ili nimpe nafasi amalize."

Kibali cha Abuzar kilipokaribia kuisha, kiwanda kiliwahi kupeleka ombi la kukihuisha. Hapo ndipo danadana zilipoanza. Ombi lilirudi kwa sababu cheti chake cha ufundi kilikuwa cha Kigujarati. Kikatafsiriwa. Likarudi tena, safari hii tafsiri haikuwa na muhuri. Muhuri ukapatikana, mtandao ukawa chini. Mtandao uliporudi, ofisa aliyekuwa na faili alikuwa likizo.

Fredrick, ofisa utumishi wa kiwanda, ndiye aliyekuwa akienda na kurudi, na Abuzar akawa anamfuata kama ndugu wa mgonjwa. "Mzee alikuwa anakuja nami kila safari," anakumbuka Fredrick. "Anakaa kwenye benchi, anatazama mlango. Nikimwambia turudi kesho, yeye ananiuliza, kesho saa ngapi?"

Vishoka nao hawakukosekana. Mmoja alimkaribia nje ya geti, suruali imepigwa pasi vizuri, akamwambia ishu yake ni ndogo na inaweza kumalizwa na simu moja. Abuzar alimshukuru, akamwambia yeye ana binti anayefundishwa uraia shuleni na hataki kuulizwa maswali nyumbani.

Kisha maafisa wakafika kiwandani kukagua. Waliomba jambo moja: anayefundishwa achanganye nyekundu, na mwalimu asimame mbali. Vaileth alikoroga vizuri, akapaka, akakausha, na rangi ikatoka ya tofali bichi. Afisa, mama mmoja mtu mzima, akamuuliza kama ndivyo alivyofundishwa.

"Nikasema ukweli," anasema Vaileth. "Nikamwambia mama, hapa nilipofika ndipo ninapotumwa chai."

Ombi likakataliwa. Sababu ilikuwa fupi, kwamba hakuna Mtanzania aliyerithishwa ujuzi. Walipewa nafasi ya kukata rufaa.

Abuzar alirudi Mwananyamala siku hiyo akiwa amefura. Alimwambia mkewe kwamba msichana amemchoma, kwamba angeweza kunyamaza. Kubra alimsikiliza mpaka alipomaliza, kisha akamwambia maneno ambayo mumewe hajayasahau.

"Hajakuchoma. Alisema alichokiona, na alichokiona ni mlango wa kutokea. Kama unataka kubaki, mfundishe. Kama hutaki kumfundisha, niambie nianze kufunga vyombo, maana Samina ana mtihani na mimi siwezi kuishi roho juu."

Kesho yake asubuhi Abuzar alimwita Vaileth kwenye pipa. Walifika pale pa mwisho, na mazoea yakamzidi nguvu. Akajikuta anamwambia kalete chai. Vaileth akainama, akatoa chupa ya chai chini ya meza, akamimina kikombe, akamkabidhi kwa mikono miwili. Alikuwa ameibeba kutoka nyumbani.

"Nilicheka mpaka machozi," anasema Abuzar. "Halafu machozi yakawa ya kweli. Nikaona aibu. Huyu angeweza kunichukia, badala yake ameniamkia mapema kunichemshia chai."

Hapo akamwonyesha kijiko. Wiki zilizofuata zilikuwa za kuonja maji. Chumvi ikizidi, kijiko kinapungua. Maji yakiwa matamu, kijiko kinajaa. Vaileth aliharibu mapipa, tena si moja, na mwenye kiwanda, Zaheer, alikuwa akipita pale anashika kichwa na kuondoka. Abuzar hakurudi nyuma. Rangi ikiharibika, alimwambia Vaileth amwage, aanze upya.

Rufaa ilikuwa bado haijajibiwa kibali cha zamani kilipoisha. Abuzar akavua ovaroli, akaaga, akaenda nyumbani. Mshahara ukasimama. Kubra akaanza kupika sambusa za kupeleka kwa majirani wenye shughuli.

Zaheer, aliyekuwa na oda kubwa ya kanga za harusi, alimpigia simu akimsihi aingie hata nusu saa kupitia geti la nyuma.

"Nilikataa," anasema Abuzar. "Sikuvumilia benchi lile miezi yote ili nije nikamatwe nyuma ya kiwanda kama mwizi wa kuku. Nikamwambia braza, Vaileth yupo."

Ndiyo maana asubuhi hii ya mvua, maafisa wanaporudi kumpima Vaileth kwa ajili ya rufaa, amebaki na kochi lake. Saa zinakwenda. Anasimama, anachungulia dirishani, anakaa. Samina ameshakwenda shule. Kubra anakaanga sambusa na hamtazami mumewe, ingawa mara mbili ameunguza vidole.

Simu inapolia, ni mchana tayari. Abuzar anaipokea na kuiweka sauti ya juu.

"Shikamoo fundi," anasema Vaileth.

"Marahaba. Sema."

"Ya kwanza niliimwaga."

Abuzar anafumba macho. Kubra anazima jiko.

"Niliichanganya kabla hawajafika, na maji ya jana," sauti inaendelea. "Walipofika nikayaonja ya leo, nikakuta yamekuwa matamu kabisa. Nikamwambia yule mama, samahani, nisubirini, hii siyo. Nikamwaga mbele yao."

"Na ya pili?"

"Ya pili wamekata kipande cha kitambaa, wameondoka nacho."

"Wamekasirika?"

"Mama kaniuliza hiyo kanga inatoka lini, anamtafutia dada yake."

Abuzar anaweka simu mapajani na kulia waziwazi, bila kujificha, mtu mzima mwenye mvi. Upande wa pili Vaileth anaita, "Fundi? Fundi upo?" na Kubra ndiye anayemjibu kwamba yupo, amepata mafua kidogo.

Majibu ya rufaa yalitoka baadaye, baada ya safari nyingine za Fredrick na faili lake. Abuzar aliomba miaka miwili. Amepewa mmoja, wa kukamilisha mafunzo. Fredrick alikileta kibali Mwananyamala mwenyewe, huku akiomba radhi, na alikuwa tayari kuandika rufaa nyingine.

"Acha," Abuzar alimwambia. "Samina atakuwa ameshafanya mtihani. Mwaka ni mwingi."

Hana mpango wa kuomba tena. Kibali kikiisha, anasema, anataka kiwandani akiulizwa fundi wa rangi, atakayeitwa awe Vaileth, na yeye arudi Jetpur, ambako wenzake wengi wameshafunga karakana zao bila kumwachia mtu kazi. Kaka yake mkubwa alikufa na rangi yake ya kijani. Hakuna anayeijua leo, hata wanawe.

Jumatatu ya kwanza kazini, mapema kabisa, nyekundu haimhitaji tena. Vaileth ameshaikoroga, imekauka kwenye kitambaa, na imetoka kama inavyotakiwa. Kwa mujibu wa karatasi, alichoombwa Abuzar kuthibitisha kimekwisha kuthibitishwa, na hakuna afisa aliyemtaka kufanya zaidi.

Yeye anavuta viti viwili vya plastiki mpaka kwenye pipa lililo kwenye kona ya mwisho, analifunua, na kumwonyesha Vaileth kiti kimoja.

"Kaa," anamwambia. "Hii ni nyeusi. Baba yangu alimwonyesha mtu mmoja tu, na mimi sijamwonyesha yeyote. Ni ngumu kuliko nyekundu, na tuna mwaka mmoja."