Jirani Aliyeacha Kukanyaga

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye arusi huko mtaa wa Dilala, katika ukumbi wenye sakafu ya vigae. Msemaji alitangaza ngoma moja baada ya nyingine: sasa ya Baluba, sasa ya Balunda, sasa rumba. Watu walicheza dakika mbili, wakapiga picha, wakakaa. Nilitoka nje nimekasirika, na hasira yenyewe ni ya zamani.

Nilikulia Kasulo, mtaa mwingine wa mji huohuo. Kila Jumapili baada ya misa majirani walijaa uani kwetu, sombe, majani ya muhogo, ikichemka jikoni. Kaku, mama yake baba, aliusiriba ua ule kwa udongo wa kichuguu, akaupigapiga kwa ubao hadi ukang'aa. Sheria yake ilikuwa moja: ukiingia ngoma ya wenzako, cheza kama wao. Balunda walituzungusha katika duara, wakikanyaga kwa unyayo mzima. Sisi Baluba tuliwafundisha kutikisa kiuno. Jirani wa nyuma ya ukuta, Mlunda mnene, alikanyaga kuliko wote. Tulimtania kwamba anashindilia barabara.

Nilipofika miaka tisa, akabadilika. Alikuja na redio, akataka rumba tu, ile ya kutelezesha miguu polepole, tena pembeni mwa ua. Alisema goti linamuuma. Sisi watoto tuliendelea kudunda katikati.

Jumapili moja kaku alisimamisha ngoma. Alipiga kisigino mara mbili, akasikiliza. Ardhi ililia kama pipa tupu. Akamgeukia jirani kumuuliza sababu.

"Tata, juu ya nini weye haukanyage hapa?"

Jirani akataja goti.

"Goti yako inajua, batoto yangu habajue?"

Ndipo ikajulikana: jirani alikuwa akichimba madini ya kobalti ndani ya nyumba yake, na shimo lilikuwa limepita chini ya ukuta hadi chini ya ua wetu. Baba hakumshtaki. Alinunua sururu, akaanza kuchimba upande wetu, eti jirani asimalize madini peke yake. Kaku aliweka kiti katikati ya ua na kukataa kuondoka. Siku tatu baba alichimba akimzunguka. Siku ya nne kaku alihamia kwa shangazi, huko mtaa wa Musonoi. Sikumwona akicheza tena.

Chuo kikuu kilinifundisha kuwalaumu wanunuzi wa kobalti walio mbali, na ninawalaumu. Umaskini pia naujua. Lakini hakuna profesa aliyenifafanulia yule jirani. Alijua mahali salama pa kuweka miguu yake, akasimama pale, na sisi watoto tuliporuka juu ya shimo lake, alitupigia makofi.